Shikamoo za Mzee Lameck

Alipokuwa mkurugenzi, Mzee Lameck alivuna shikamoo kuanzia getini hadi kwenye kiti chake. Madereva, wahudumu, hata wenye mvi kumzidi waliofuatilia mafao yao, wote walimwamkia wao kwanza. Cheo bwana! Kisha akastaafu, akarudi kwake Zuzu, pembeni mwa mji, kufuga mbuzi. Mbuzi nao, kwa kukosa malezi, hawaamkii mtu.

Daktari alipomwambia atembee kwa ajili ya sukari, akachagua bustani ya mimea mjini, yenye njia zinazozunguka kilima. Miti ina vibao vya majina yake. Mzee hakusoma hata kimoja, maana hakufuata miti pale. Alifuata heshima yake.

Tatizo lilikuwa mishale iliyochorwa kwenye mawe, inayowataka watu wote wazunguke upande mmoja. Siku nzima aliona migongo, na migongo haiamkii. Basi, kwa akili ileile iliyompa ukurugenzi, akaanza kuzunguka kinyume, ili kila ajaye akutane na uso wake.

"Samahani mzee, mshale unaelekea kule," mlinzi alimwambia.

"Mimi nimeanza kazi kabla huo mshale haujachorwa."

Mavuno yalikuwa ya mwaka wa ukame. Vijana walikuwa wameziba masikio kwa muziki. Mmoja akampungia mkono, "Mambo vipi, mzee!" Siku hiyo hakula ugali wake, na iliuma kweli.

Jioni moja, kwenye kona yenye minyaa, akamkuta bibi mmoja amekaa juu ya jiwe. Aliitwa Bibi Sikudhani, ametokea kijijini Busi, anakaa kwa mwanawe. Mzee Lameck akasimama, akajiweka sawa, akasubiri. Bibi naye akasubiri.

"Mwanangu," bibi akasema mwishowe, "kwenu wakubwa hawaamkiwi?"

Mkurugenzi mstaafu akageuka nyuma kuona ni nani anayeambiwa. Hapakuwa na mtu.

"Shikamoo, mama." Ilitoka kwa shida, kama bawaba yenye kutu.

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo? Hiyo miguu mbona unaiburuta? Umekula?"

Akajibu yote, hata habari za mbuzi. Tangu astaafu hakuna aliyemuuliza kama amekula. Akawa anapita pale kila jioni, na kila jioni alitangulia kuamkia, bila kulazimishwa na mtu.

Kisha homa ikamlaza siku kadhaa. Alipopata nafuu alikwenda moja kwa moja bustanini, na kwa mara ya kwanza akafuata mishale, kwa kuwa upande ule ndio uliofika upesi kwenye minyaa.

Bibi alikuwa juu ya jiwe lake, amekunja uso.

"Ulikuwa wapi wewe? Nakaa hapa kutwa, watu wananipita kama kisiki!"

Mzee Lameck akavua kofia. "Shikamoo, mama."

Bibi Sikudhani akajifuta jicho kwa ncha ya khanga.

"Hebu rudia," akasema.