Zulia Langu Limeanikiwa Dagaa

Jamani, zulia langu la sebuleni leo limeanikiwa dagaa!

Mama mkwe wangu wa Mwamgongo, kule kijiji cha wavuvi, alipokuja mara ya mwisho alisema linanuka.
Leo alikuwa anarudi.
Asubuhi nikalipeleka ziwani Katonga, nikalisugua mpaka kiuno kikauma, nikalianika mchangani, nikaenda kunywa chai.

Kurudi, limejaa dagaa.
Mama mmoja anawageuza bila wasiwasi.
“Ahsante mwanangu, hapa hawashiki mchanga.”

Nilitaka kugomba. Ikanitoka shikamoo.
Nikamsaidia kuwageuza mpaka saa tisa.

Nyumbani nikalitandika, nikafungua madirisha yote.

Mama mkwe kaingia. Kavuta pumzi. Kajinyoosha juu ya zulia.
“Sasa hapa umefua!”

Na anataka kujua nimetumia sabuni gani.
Nyie, nimjibu nini?