Kosa la Mzee Aliyeoga Mtoni

Jumanne nilipanga foleni kwa DC hapa Eldoret. Mbele yangu kijana aliyekuja kuomba pasi ya ng'ambo alishika barua yake ya chuo kwa mikono miwili, kama aliyebeba mayai.

"Unaenda kusomea nini?" akaulizwa na mzee aliyemfuata.

"Makosa, Mzee! Kwa nini watu huvunja sheria, na ni nani anayeamua kwamba hili ni kosa."

Mzee akagonga mkebe wa kipande, kile cheti tunacholazimishwa kutembea nacho, uliomning'inia shingoni. "Hiki nilikivua nioge mto Sosiani, nikakisahau juu ya jiwe. Askari akanikuta njiani sina, nikafungwa mwezi mzima. Na hayo utayasoma?"

"Hayo hasa!" Kijana karibu aruke. Akageuza bahasha ya ile barua, akaanza kuandika.

Askari wa mlangoni akatujia na rungu lake. Foleni nzima ikajisogeza ukutani. Akainama, akasoma polepole yaliyoandikwa, kisha akamwambia kijana kwa sauti ya chini, "Niandike na mimi. Mimi ndiye niliyemkamata mzee huyu."

Nilisahau hata shida iliyonipeleka pale. Sasa niambieni, wasomaji: kijana huyu anapanda meli kumfuata profesa gani, na maprofesa wawili, mzee na askari, amewaacha mlangoni kwa DC?