Nguo Isiyo na Alama

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu kanzu ya shehe. Niliitia wanga mzito mpaka ikasimama yenyewe kama mlango. Mzee Abubakar, mwenye duka la dobi karibu na River Road, Nairobi, aliizunguka akiitazama, mikono nyuma.

"Binti Wangeci," akasema, "shehe anakwenda kuswali. Akitaka kurukuu, hii itamkatalia. Wanga si uji wa mgonjwa. Ni maji yaliyosikia habari za unga tu."

Dukani watu walicheka, na mimi nikacheka, na kazi nikaipata. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwa tayari Mama Njoki, mama wa watoto, shule yangu madarasa mawili. Mzee Abubakar alikuwa mtu wa Mombasa. Kiswahili hiki ninachotumia kuwasimulia, wajukuu zangu, uzuri wake ni wake, na makosa ni yangu. Alinifundisha buluu, ile dawa inayofanya nyeupe iwe nyeupe zaidi. Alinifundisha kuijua pasi ya makaa kwa kuidondoshea tone la maji na kusikiliza linavyolia. Zaidi ya yote alinifundisha alama. Dobi hafui nguo ya mtu kabla ya kuitia namba ndogo pembeni, kwa uzi au kwa wino usiotoka, ili za huyu zisiende kwa yule.

"Nguo bila alama ni mtoto aliyepotea sokoni," alikuwa akisema.

Alipozeeka akafunga duka arudi kwao, hakuniacha hivi hivi. Kulikuwa na nyumba ya mapumziko ya kanisa huko Uthiru iliyokuwa ikituletea shuka zake. Mkuu wa nyumba hiyo alikuwa Metroni Muthoni, muuguzi mrefu mwenye sauti ya chini. Mzee alimwambia, "Mchukue huyu, mama. Kanzu aliyoiua ni moja tu."

Basi nikawa dobi wa Uthiru, nikitoka Kangemi kwa miguu asubuhi na kurudi jioni. Waliokaa pale tuliwaita wageni. Mwili wao haukuwa na ugonjwa wa kuonekana. Walikuwa watu wa vita vyetu vya kudai uhuru: waliotoka kizuizini, waliochomewa nyumba, waliozika watu wao usiku bila kulia. Bunduki zilikuwa zimenyamaza miaka mingi, lakini wapo waliokula wamesimama, na wapo waliolia wakisikia buti. Siku hizi mnayo maneno ya daktari. Sisi tulisema, "Vita haijamtoka."

Mmoja wao alikuwa Nduta. Alikuwa amefungwa kambini miaka yake ya usichana. Ukimwita "Nduta," hakugeuka. Ukimwita tena, hakugeuka. Mpaka uende umsimamie mbele, ndipo aseme, "Sema." Wengine walidhani ni kiziwi, lakini sufuria ikianguka jikoni, yeye ndiye wa kwanza kuruka. Alipenda kukaa karibu na pipa langu la kuchemshia shuka, mgongo ukutani, macho mlangoni. Hatukuongea sana. Alinisaidia kukamua, yeye upande huu na mimi upande ule.

Shida ilianza na zile namba. Kila mgeni alikuwa na kitanda chenye namba, na namba hiyo nilimshonea kwenye nguo zake na shuka zake, kama nilivyofunzwa. Nguo za Nduta zilirudi kwangu uzi umefumuliwa. Nikashona tena, akafumua tena. Katibu wa kamati ya nyumba, Bwana Gathogo, akaagiza nitumie wino. Nikatumia wino. Nduta akachukua wembe akakata pembe zote: gauni, shuka, foronya, hata taulo. Halafu akaingia kwa wenzake akakata na zao.

Bwana Gathogo alikuja na gari lake. Hakuwa mtu mbaya, ila shuka zile alizipata kwa kuomba makanisani, na kila moja aliijua ilikotoka.

"Metroni, huyu mama ametushinda," alisema pale pale kwenye chumba changu cha kufulia. "Leo ni shuka, kesho wembe utamfikia mtu. Nampeleka hospitali kubwa."

Nduta alikuwa kando ya pipa, anasikia yote. Hospitali kubwa wakati ule ilikuwa na milango ya kufungwa kwa nje. Mtu aliyeishi nyuma ya waya wa kambi, ukimfungia tena, hujui kama utamfungua yule yule. Mimi nilishika shuka yenye maji, nisijue niikamue au niiache.

Metroni alimgeukia Nduta. Alivuta ndoo yangu, akaigeuza, akaikalia, akawa chini kuliko Nduta.

"Mama, hizo namba zimekukosea nini?"

Nduta alisukuma kuni chini ya pipa mpaka maji yakaanza kutokota. Kisha akasema, "Huko kambini nilikuwa nayo. Hapa kifuani. Waliniita hiyo tu. Siku mama yangu alikufa walikuja kuniambia, wakaita namba. Wakasema, namba fulani, mama yako amekufa." Akanyoosha kidole kwenye rundo la nguo. "Hiyo kitu sitaki kwa nguo yangu. Na hawa wengine pia hawataki, ni vile wanaogopa kusema."

Metroni alitazama mikono yake. "Kaka yangu alirudi kutoka huko," akasema. "Mama yetu alimwita jina lake mlangoni, akapita kama hakuitwa yeye. Alimwita hivyo mpaka mama mwenyewe akafa." Akainuka, akapangusa gauni. "Bwana Katibu, gari lako nenda nalo ukatuletee viazi vya jikoni. Huyu haendi popote."

"Na nguo zitajulikanaje?" akauliza Gathogo. "Kwa harufu?"

"Nipe sindano," akasema Nduta.

Siku hiyo alianza kazi ambayo hakuiacha tena. Alimwendea kila mgeni akamuuliza, wewe unapenda nini? Mama Philis alitaka kuku, akashonewa kuku. Mzee Ndirangu alitaka jembe. Mwingine alitaka mwezi, mwingine kibuyu. Nikawa natoa nguo kwenye kamba nikizigawa bila kusoma chochote. Hata Bwana Gathogo alileta shati lake kimya kimya, akaomba ashonewe gari.

"Wewe je?" nilimuuliza Nduta. "Alama yako ni ipi?"

"Bado natafuta."

Basi nguo zake zikabaki tupu, na kwa kuwa ndizo pekee zilizokuwa tupu, hazikupotea hata mara moja. Mzee Abubakar angeshangaa.

Miaka ya sabini wakaja wakimbizi kutoka Uganda. Vitanda vikaongezwa. Mmoja wao, Mwalimu Okot, alilala na viatu miguuni, na mlango wa gari ukibamizwa nje, alisimama wima akangoja kuchukuliwa. Nduta alimwendea na sindano yake. "Mwalimu, wewe unapenda nini?" Akafunga upya kamba za viatu. Nduta akaenda tena, na tena, bila kumsukuma. Hatimaye mwalimu akasema, "Baiskeli. Niliiacha imeegemea ukuta wa shule."

Nduta hakuwahi kupanda baiskeli. Alishona gurudumu moja kubwa, jingine kama yai. Mwalimu alilitazama shati lake kwa muda. "Mama, hii itaniangusha," akasema, na akacheka. Tangu hapo wakawa wanakaa pamoja kando ya pipa langu, yeye na kitabu, Nduta na uzi.

Sisemi walipona. Mwalimu aliendelea kulala na viatu. Nduta hakuacha kukaa akitazama mlango. Lakini niliona kwamba mtu anaweza kubeba mzigo ule na bado akacheka, na ninamshukuru Mungu kwamba niliona, mimi niliyekwenda kutafuta sabuni na mshahara. Namshukuru Mzee Abubakar kwa kanzu. Namshukuru Metroni kwa kuikalia ndoo.

Mgongo uliponiambia basi, walinifanyia chai na mandazi uani. Metroni alisema maneno yake, Bwana Gathogo akanipa blanketi. Nduta alingoja wamalize, akaja na shuka iliyokunjwa.

"Fungua hapo pembeni," akasema.

Kulikuwa na herufi za uzi mwekundu. Mwalimu Okot alikuwa amemfundisha, na mimi sikujua. Kusoma kwangu ni kwa shida, mnajua.

"Soma kwa sauti, Mama Njoki. Watu wasikie."

Nikaweka kidole, nikazifuata moja moja kama mtoto wa shule, hapo mbele ya wote.

"Nduta," nikasoma. "Nduta wa Kamau."

"Niko hapa," akaitika.