Ndege Haijui Mkwe

Siku niliyoingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale ninaikumbuka kwa nyayo kuliko kwa macho, mwanangu. Nilitoka milima ya Fizi, kule Kongo, nikavuka ziwa kwa boti ya mizigo hadi Kigoma, nikakaa kambi za Tanzania mpaka nikazichoka, nikadandia lori la mahindi hadi Karagwe, nikavuka mto Kagera kwa mtumbwi, nikaingia Uganda. Ngarama niliipita kwa miguu, viatu nimevitundika shingoni kwa sababu soli zilikuwa zimeachia. Nilikuwa na miaka ishirini na ushei, cheti cha sekondari kilichokunjwa mara nne, na miguu isiyojua kutulia. Mpaka leo haijajua. Nimekwisha kuvuka arobaini na bado nikisikia lori linaunguruma asubuhi, moyo unauliza linakwenda wapi.

Lakini hapo Nakivale nilitulia kuliko mahali pengine popote, na sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni Riziki, binti wa Mzee Asukulu, fundi cherehani, mtu wa kwetu kabisa, ambaye alinipa mke wakati sina hata jembe. Ya pili ni ndege.

Ndege zenyewe ni zile ndogo, mwanangu, za kuongozwa kwa rimoti. Nilizikuta mjini Mbarara, kwa Fundi Kamugisha, Mnyankore mmoja aliyetengeneza redio kwenye kibaraza cha duka la mbegu. Nilikwenda kwake kuomba kazi, akanipa. Mwalimu mmoja mgeni, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia rimoti yenye antena ndefu, mota ndogo, betri, na ndege iliyovunjika vipande. Fundi aliitazama mwaka mzima. Mimi na yeye tuliijenga upya. Mabawa tuliyakata kwenye zile boksi nyeupe nyepesi zinazofungiwa televisheni, tukayatia uti wa mwanzi, tukayavika utepe wa gundi. Vyuma vya kuvuta vibao vya mabawa vilikuwa spoki za baiskeli.

Fundi alikuwa na amri zake, na alizitoa kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Rimoti nawasha kwanza, ndege nawasha mwisho. Kuzima, ndege kwanza." Kila mara aliinua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kuona kama inalala sawa. Ikiinamisha mkia alisema, "Hii itaruka mara moja tu," akasogeza betri mbele. Amri kubwa kuliko zote ilikuwa ya ukaguzi. Nyuma ya kila bawa kuna kibao kidogo kinachopanda na kushuka. Ukisukuma kijiti cha rimoti kulia, kibao cha bawa la kulia lazima kipande, ndipo ndege ilale upande huo. Anayekagua alipaswa kusimama nyuma ya mkia, ampe mwenye rimoti mgongo, wote wawili watazame kule ndege inakotazama. "Kama nasimama mbele, kulia yako nakuwa kushoto ya ndege," alisema. "Na mbele iko panga, hii nazunguka na mota. Hapana simama mbele. Hata mimi, nikisimama mbele, wewe nafukuza mimi."

Niliitikia, "Sawa, ssebo," yaani bwana kwa lugha yao. Kuitikia ni rahisi, mwanangu.

Baadaye Fundi alinikabidhi ndege niipeleke Nakivale. Ofisi ya kambi ilituruhusu uwanda mmoja karibu na ziwa, penye nyasi fupi za ng'ombe, mbali na nyumba. Niliirusha mara nyingi bila shida, mkaguzi wangu akiwa Riziki. Watu walikuja kutazama. Wengine mwanzoni walijikunyata kwa ule mlio, maana walishasikia ndege za aina nyingine, lakini walipoona ni boksi la televisheni walicheka.

Jumamosi moja mota inayovuta vibao vya mabawa ilikufa. Nikafunga nyingine. Ukifunga mota mpya, vibao vinaweza kugeuka, cha kupanda kikashuka na cha kushuka kikapanda, kwa hiyo ukaguzi wa siku hiyo ndiyo ukaguzi hasa. Riziki alikuwa na homa. Aliyekuja kunisaidia, amevaa koti lake la kanisani na kofia ya pama, alikuwa Mzee Asukulu mwenyewe.

"Mukwe," aliniambia, "kila siku unarusha na mutoto wangu. Leo utarusha na mimi."

Nilifurahi, na nikaogopa. Wewe uliyezaliwa mjini huenda hujui mkwe ni nini kwetu. Baba mkwe humpiti mbele akiwa ameketi. Humtazami machoni kwa muda mrefu. Humwamuru. Na kumpa mgongo mtu mnayesemezana naye ni tusi, kwake na kwako. Basi niliposimama nyuma na rimoti yangu, Mzee alizunguka, akachuchumaa mbele ya ndege, akanitazama kwa uso wa furaha kama mtu aliyeitwa kwenye baraza.

Nilijua anakosea. Nataka ulielewe hilo vizuri: nilijua. Maneno yalifika kwenye meno. Lakini ningesemaje? "Baba, ondoka hapo, geuka, nipe mgongo"? Nikayameza.

Nikasukuma kijiti kulia. "Baba, kibao gani kimepanda?"

"Ya kuume!" akajibu kwa sauti, na kuume kwetu ndiko kulia. "Kuume njo inapanda, mukwe! Iko muzuri sana!"

Kuume kwake. Kwa ndege kilikuwa kushoto. Vibao vilikuwa vimegeuka, na sisi wawili tulikubaliana vizuri kabisa juu ya kosa.

Akaja kusimama hatua kadhaa mbele yangu, pembeni. Hapo pia nilitaka kumwambia arudi nyuma yangu. Hapo pia nilinyamaza. Ndege ikakimbia kwenye nyasi, ikapanda. Upepo wa ziwani ukainua bawa la kulia, ndege ikalala kushoto. Nikasukuma kijiti kulia inyooke. Ikazidi kulala kushoto. Nikasukuma kwa nguvu zaidi, ikazidi tena, ikageuka nzima, ikarudi kwetu. Ningezima mota tu ingeanguka majanini. Sikukumbuka. Mzee alikuwa ameinua kofia anaipungia, anadhani nimemletea ndege aione kwa karibu. Ilimpiga juu ya jicho la kulia.

Majuto ni mjukuu, huja baadaye, lakini yangu yalifika kabla damu haijagusa koti. Gari la zahanati lilitupeleka Mbarara. Njia nzima Mzee alishikilia kitambaa usoni, hakunung'unika, ila mara moja aliuliza, "Mukwe, na ndege imevunjika?" Nikalia kama mtoto.

Hospitalini daktari alisema jicho halijapasuka, lakini kama litaona au halitaona, tungojee. Tukangojea. Huyu alikuwa mtu anayekula kwa jicho, mwanangu: kutunga uzi, kufuata mshono, kupima kola ya shati. Riziki alikuja na homa yake, akakaa upande wa pili wa kitanda, asinitazame.

Siku ya tatu akaja Fundi Kamugisha na ndizi za kuiva. Alimsalimu mgonjwa kwa heshima, akanigeukia.

"Nani alikagua?"

"Baba."

"Alisimama wapi?"

Nikachukua ndizi moja, nikaanza kuimenya.

"Mimi nauliza. Alisimama wapi?"

"Mbele."

"Na wewe naona?"

"Niliona, ssebo. Lakini ni baba mkwe wangu."

Fundi akapiga kiganja juu ya goti. "Banange! Ndege najua baba mkwe? Hii kitu hapana oa kwa mtu! Nasikia kijiti tu!"

Nilidhani Mzee amelala. Kumbe anasikiliza. Akaniita polepole, jicho moja limefungwa.

"Mukwe. Ulijua kama nasimama fasi mubaya?"

"Nilijua, baba."

"Na ukanyamaza."

"Niliona haya, baba."

Akajiinua kwa kiwiko, akaegemea mto. Kisha akasema, "Sikiliza. Mimi sikuwa najua. Ile ni haki yangu, mimi ni mushonaji. Wewe ulikuwa unajua. Ile haya yako uliita heshima, kumbe ulikuwa unaniogopa tu. Mutu anayeniheshimu, akiona nyoka iko nyuma yangu, atanisukuma hata nianguke na koti langu." Akageuza uso ukutani. "Usinihurumie. Unifundishe."

Mwanangu, nimepita nchi tano tangu hapo na sijasikia kemeo lililonikata kama lile. Mficha uchi hazai, walisema wazee, nami nilificha neno moja dogo, "geuka," likazaa jeraha.

Jicho lilipona nusu. Liliona mwanga na watu, halikuona tundu la sindano. Mzee akamchukua mwanamke mmoja jirani, Neema, Mrundi mwenye vidole vyepesi, amtungie uzi na kushona zile kazi ndogondogo. Majirani nao hawakuniacha. "Rubani!" waliniita kwenye foleni ya maji. "Wengine wanatolea mukwe ng'ombe, wewe ulimutolea ndege!" Nilicheka nao. Ilikuwa haki yao.

Baada ya miezi Mzee mwenyewe akauliza ndege iko wapi. Nikamwambia sitarusha tena. Akakasirika kuliko alivyokasirika hospitalini. Tukaitengeneza, tukarudi uwandani, nikasimama na rimoti, na watu wengi wakiwa wametuzunguka nikasema kwa sauti ndogo, "Baba, tafadhali, toka mbele. Simama nyuma ya mkia. Nipe mgongo." Kukawa na minong'ono. Mzee akavua kofia, akaja, akanipa mgongo. "Na sasa uniambie tena," akasema, "maana ile sauti yako ni ya mutu anayeomba chumvi." Nikasema tena, kwa nguvu. Tangu siku ile akawa mkaguzi wetu mkuu kwa miaka, na kila mgeni aliyesimama mbele ya panga, awe mchungaji au askari, alifukuzwa na mzee wa jicho moja na nusu.

Siku niliyoondoka Nakivale kabisa, miguu ilipokwisha kuwasha mno, watu walikusanyika uwandani. Nilikuwa nimemwachia Neema ndege na rimoti, kwa kuwa alishajifunza kuirusha kunishinda. Nikaomba niirushe mara moja ya mwisho, ya kuaga. Gari la Mbarara lilikuwa linangoja, Riziki ameshapanda na mizigo. Neema akaikagua. Akainuka.

"Hapana, kaka. Bawaba ya kibao cha kushoto imepasuka. Hairuki leo."

"Ni ufa mdogo, Neema. Dakika mbili tu. Naondoka, sitarudi."

Watu wakasema, mwachie, anaaga. Mzee Asukulu alimtazama Neema tu. Neema alikuwa mdogo kwangu, na mimi ndiye niliyemfundisha. Alipiga magoti kando ya ndege. Kisha akachomoa betri, akaitia mfukoni mwa aproni yake.

"Naona haya kukukatalia," akasema. "Lakini hairuki."

Sikuirusha. Nilimshika mikono yote miwili, nikaenda kupanda gari, na ndiyo furaha kubwa niliyotoka nayo pale.

Kwa hiyo, mwanangu, ukishika rimoti, au usukani, au dawa ya mgonjwa, au kazi yoyote inayoweza kumwangukia mtu, sema unachokijua. Mwambie aliyekuzidi umri, mwambie mkweo, mwambie aliyekufundisha. Kiseme kwa adabu, lakini kiseme mapema na kwa sauti ya kusikika. Nawe ukiambiwa, geuka bila kununa. Mungu akupe ulimi wenye ujasiri na sikio lenye unyenyekevu, awalinde macho wote watakaosimama karibu nawe, na popote utakapokwenda akukutanishe na watu watakaothubutu kukuambia hapana.