Nyumba Ilikuwa ya Shangazi

Mwezi uliopita nilikuwa Makole kwa mjukuu wangu, nimekaa barazani nachambua mchicha, redio ya jirani ikatangaza kwamba visiwa vya Ngazija vimejitangazia uhuru. Mtangazaji akavitaja kimoja kimoja: Ngazija, Nzwani, Mwali. Kabla hajafika cha nne nikakitaja mimi, Maore, na yeye akasema hicho kimebaki kwa Wafaransa. Mjukuu wangu akanikodolea macho. Bibi, umezaliwa milimani Kondoa, bahari umeiona mara moja tu ulipopelekwa hospitali Dar es Salaam, habari za visiwa umezipata wapi? Nikamwambia akachemshe maji.

Basi nikusimulie wewe, maana vijana wa siku hizi husikiliza huku roho zao zikiwa stendi.

Tuliishi kijiji kidogo upande wa Busi, wakati wa Mjerumani. Babu yangu mzaa baba alikuwa jumbe, maana yake alikuwa mtu wa kubanwa kotekote: boma likitaka nafaka, yeye, likitaka wapagazi, yeye, watu wakitaka wa kumlaumu, yeye vilevile. Nyumba zetu zilikuwa tembe, udongo chini mpaka juu, na ndani mlinukia moshi, ngozi za mbuzi na asali ya kwenye mitungi. Sauti ya kwanza asubuhi ilikuwa ya mawe ya kusagia uwele. Jioni tulikula ugali kwa mlenda, na maziwa mgando siku ambazo ng'ombe walituonea huruma. Nakwambia haya ili ujue kwamba raha tulikuwa nayo, tena tele.

Shule ilipojengwa, serikali ilituletea mwalimu Mngazija. Alikuwa mwembamba, kanzu yake nyeupe hata katika vumbi jekundu la kwetu, na namna yake ya kunawa ilitushangaza: kibuyu kimoja kidogo kilimtosha uso, mikono na miguu. Alisema kisiwani kwao hakuna mto hata mmoja, watu hukinga mvua kwenye birika za mawe na kuinywa mwaka mzima. Hapo tukampenda, kwa sababu kukosa maji ni jambo ambalo hata sisi hatukuhitaji kufundishwa.

Chini ya kijiji kulikuwa na mbuga. Masika ilijaa maji, na vichuguu vya mchwa vikabaki vimechomoza peke yake. Mwalimu alipoiona mara ya kwanza alitupeleka darasa zima, na sisi wasichana tuliowafuata nyuma, nguo tumezikunja mapajani. Alichagua vichuguu vinne akavipa majina. Kikubwa kilikuwa Ngazija, na juu yake aliweka kaa la moto, kwa sababu kisiwa hicho ni mlima unaotema moto na watu wamejenga chini yake wakalala usingizi. Nzwani kilikuwa cha vijito na mlangilangi, ua linalokamuliwa mafuta ya manukato. Mwali kilikuwa kidogo, ambako kasa hupanda ufukweni kutaga, na Maore kimezungukwa na ukuta wa matumbawe. Huku akatuonyesha Msumbiji, kule Bukini, kisiwa kikubwa kuliko hivyo vyote. Kila kichuguu alikipandisha watoto wake, wasichana kwa wavulana, ingawa shule iliandikisha wavulana tu. Babu alipomwuliza, alijibu kwamba kwao msichana ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo afadhali ajue amesimama wapi.

Mimi niliwekwa Ngazija. Mwalimu aliuliza akiwa ukingoni na sisi tukajibu kwa pamoja, sauti zetu zikaenda juu ya maji mpaka vilima vya ng'ambo. Visiwa vingapi? Vinne. Bahari ngapi? Moja. Masultani wangapi? Wengi, na wote waligombana. Bendera ya nani? Ya Mfaransa! Hilo la mwisho tulilipenda kuliko yote kwa sababu ndilo tulilopigia kelele. Wapita njia walisimama kutusikiliza. Hata askari waliokuwa wakienda bomani walicheka wakatupigia makofi.

Alitueleza pia mambo ambayo sasa nashangaa kwamba aliwaeleza watoto. Jinsi zamani watu wa Bukini walivyokuja na mitumbwi mingi kuteka watu, na jinsi wanawake wa mji mmoja walivyopanda jabalini wakajitupa baharini kuliko kutekwa. Jinsi ardhi inavyonguruma chini kwa chini kabla mlima haujatema moto, na mbuzi hukataa majani. Tangu hapo nikawa nawatazama mbuzi wetu kila asubuhi. Walikula vizuri tu, hata siku balaa lilipotufika walikula vizuri.

Mwaka wake wa pili alimwoa shangazi yangu, dada mdogo wa baba, msichana aliyecheka akasikika mpaka kisimani. Akajenga tembe jirani na shule, kuta nene, mlango wa mninga aliouchonga mwenyewe. Siku ya kuhamia aliwaita wazee, akamshika shangazi mkono, akasema nyumba hii ni ya mke wangu na mimi ni mgeni wake. Wazee walicheka mpaka wakashikana mabega. Babu akamwuliza, sasa akikufukuza utalala wapi, kwangu? Mwalimu hakucheka. Alisema kisiwani kwao, mwanamume anayemnyang'anya mkewe nyumba, hata kwa maneno tu, haketi tena na watu wazima, na salamu yake haiitikiwi.

Kikawa kichekesho cha kijiji. Wavulana walipita wakimwamkia, shikamoo Mwalimu, mwenye nyumba yupo? Naye akawajibu kwa adabu, marahaba, subirini nikamwulize. Shangazi alijivuna, usiseme. Alitembea shingo imenyooka, na jioni alikaa kizingitini pake kama mtu aliyekaa juu ya mali yake, na kweli ilikuwa mali yake.

Kisha kikaja kiangazi kibaya. Habari zikaja kwamba wazungu wanapigana wao kwa wao, Mjerumani upande huu, Mwingereza na Mfaransa upande ule. Askari mmoja aliyekuja kuchukua nafaka ndiye aliyesema, na nilimwona Mwalimu akiiweka chaki chini polepole. Kesho yake alitupeleka mbugani. Maji yalikwisha zamani, udongo umepasuka, vichuguu vimesimama wazi. Akatwambia, "Hivi ni vichuguu tu. Mkiulizwa, ni vichuguu." Tangu siku ile tukawa tunapita mbali na mahali pale, hata kuni za huko hatukuziokota.

Lakini jambo lililopigiwa kelele juu ya maji masika mbili utalificha wapi? Kijiji kizima kilimwita Mngazija, na njia nzima mpaka Kondoa ilijua Ngazija ni ya nani. Habari zikaendelea kuja, kila moja nyeusi kuliko iliyotangulia. Huko Ugogo, wazungu wa misheni ambao ni Waingereza wamekamatwa. Walimu wao wamechapwa viboko. Upande wa Mlali, mama mmoja mwenye nyumba aliyemlaza mwalimu wa namna hiyo amefungwa mnyororo mmoja na mgeni wake, wote wawili wakapelekwa kubeba mizigo ya vita. Hiyo ya mwisho watu waliirudia kwa sauti ya chini. Bibi, mamake shangazi, aliacha kuimba akisaga. Babu alimshauri Mwalimu akimbilie porini kwa Wasandawe, akakataa, akasema wakimkosa yeye watamchukua atakayekuwepo. Darasani akafundisha hesabu, na si kingine ila hesabu.

Walikuja asubuhi, ng'ombe wakikamuliwa. Alikuwa shaushi, yaani mkubwa wa askari, na watu wake. Hawakuwa na haraka. Waliomba maziwa, wakanywa, wakashukuru, na adabu yao ilinitisha kuliko bunduki. Mwalimu alitoka mwenyewe, wakamfunga mikono. Halafu shaushi akaitazama ile tembe, akauliza, "Nyumba hii ya nani?"

Kijiji kizima kilikuwa kimesimama pale, na hapakuwa na mtu asiyejua jibu. Babu akisema ni ya binti yake, basi binti yake ndiye aliyemlaza adui, na ya Mlali sote tulikuwa tumeyasikia. Shangazi alikuwa mlangoni, kiganja chake kwenye ule mninga. Nilimwona anavuta pumzi. Angesema, namjua, hakuwa mtu wa kunyamazia kilicho chake.

Mwalimu akamtangulia. "Yangu," alisema. "Nimeijenga mimi. Huyu ni mwanamke tu niliyemweka, hana nyumba hapa."

Aliyasema kwa sauti ile ya darasani, kila mtu asikie. Mimi mtoto nilikumbuka kwao mtu wa maneno hayo hufanywa nini. Shaushi akamgeukia shangazi, akamwuliza kama ni kweli. Shangazi alimtazama mumewe. Nimezika watoto wawili katika maisha yangu, nimeona nyuso za watu walioumia, lakini ule wa shangazi ndio unaonijia nikiwa peke yangu. Akasema kama mwenyewe ndivyo anavyosema, yeye hana la kuongeza. Akatoka kizingitini, akapita mbele yao wote, akaingia kwa bibi na kufunga mlango.

Shaushi akaridhika. Walitoa nafaka yote iliyokuwemo, wakabomoa paa, wakakusanya miti yake na ule mlango wakavitia moto. Mwalimu hakuutazama moto. Walipomwondoa njia ilipita mbele ya tembe ya bibi, na pale akasimama. Askari walimwacha kidogo, sijui kwa nini, labda nao walikuwa na wake. Kisha wakamvuta.

Mchana kutwa shangazi alisaga uwele kwa hasira, akasaga mpaka wa wiki nzima. Jioni bibi akamkalisha chini. Akamwambia, mwanangu, angesema ni yako mngekwenda wote wawili. Shangazi akaacha jiwe. Naapa halikuwa limempitia akilini, aibu ilikuwa imemziba. Kabla ya mapambazuko alishaondoka kwa miguu na baba yangu kwenda Kondoa, akakuta wapagazi wamekwisha pelekwa kusini, Mwalimu akiwa mmoja wao.

Vita ikatupitia kwa kwenda na kwa kurudi. Makaburu, askari wa Mwingereza, wakaja, njaa ikaja, babu akafa. Shule haikufunguliwa tena katika utoto wangu. Ile mbuga sasa inalimwa, trekta limesawazisha vichuguu vyote, na ukiwauliza vijana watakwambia pale pamekuwa shamba siku zote. Tembe zimekwisha. Yale mawe ya kusagia watu wameyatia kwenye misingi ya nyumba za bati. Mwalimu alifia wapi hatujui, wala kama alipata mtu wa kumfukia.

Shangazi aliishi mpaka uzee wa kuogeshwa. Posa zilikuja, akazirudisha zote, na watu wakasema ni kinyongo cha maneno aliyoambiwa hadharani. Siku moja, karibu na mwisho wake, nikimwogesha, nilijipa moyo nikamwuliza kama alimsamehe Mwalimu. Akanishangaa. Akasema hapakuwa na cha kusamehe, alishaelewa jioni ileile. Nikadhani amemaliza, nikachota maji mengine.

"Sikumuaga," akasema. "Alisimama pale nje akiningoja, nami nilikuwa nyuma ya mlango, namsikia anavyohema."