Mkoromo wa Kumi la Mwisho

Niliingia itikafu kutafuta cheo. Naliweka hili wazi mapema ili msomaji asije akanidhania mema. Lailatul-Qadri tunaiita Usiku wa Cheo, na hata mtoto aliyekaa madrasa wiki mbili anajua kwamba cheo hicho ni cha usiku wenyewe, ulio bora kuliko miezi elfu. Mimi nilikuwa makamu mkuu wa shule ya sekondari huku Nyegezi, kando ya ziwa, mwaka wa tisa sasa, na mkuu wetu alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Kichwani mwangu vyeo hivyo viwili vilikuwa vimekwisha kuungana. Cha shule sikukipata. Alipewa mama mmoja kutoka Misungwi, na anaiendesha shule vizuri kuliko ambavyo ningeiendesha mimi. Lakini ninalotaka kusimulia ni yale yaliyonipata msikitini.

Mwaka huo kumi la mwisho la Ramadhani liliangukia likizo, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Anayekaa itikafu huhamia msikitini, akala na kulala humohumo, hatoki mpaka mwezi uandame, akitaraji kwamba usiku ule uliofichwa utamkuta macho. Nilimweleza mke wangu. Alikuwa anakunja shuka.

"Mtalala wote pamoja?" akauliza.

"Msikiti ni mmoja. Tutalala wapi tena?"

"Haya," akasema, akainama kulifunga godoro kwa kamba, mabega yakimtikisika. Nikadhani analia kwa sababu namwacha. Nikamwambia asiwe na huzuni, siku kumi si nyingi.

Msikiti wetu ni mdogo, umejengwa juu ya kilima katikati ya mawe makubwa, na tuliokaa tulikuwa sita. Alikuwapo imamu, mtu wa rika langu. Alikuwapo muuza nyama mmoja mnene, mwenye shingo kama ya fahali. Alikuwapo pia mzee wa Kisukuma aliyefuga ng'ombe maisha yake yote na kusilimu ukubwani. Sura alizozijua hazikuzidi nne, zote fupi. Wawili waliobaki walikuwa mafundi ujenzi, watu wasio na maneno mengi. Godoro langu nililitandika mbele kabisa, karibu na kibla, mahali ambapo kila anayekuja kuswali lazima anione. Muuza nyama akatandika la kwake kando yangu.

Usiku wa ishirini na moja niliswali vizuri mpaka saa sita, kisha nikajinyoosha kidogo. Nikashtuliwa na mkoromo. Haukuwa mkoromo wa kawaida. Ulikuwa kama injini ya boti inayogoma kuwaka. Nilipofumbua macho ukawa umekatika. Kando yangu muuza nyama alikuwa ameketi, msahafu mapajani, macho mekundu. Nikajisemea, mnafiki huyu, amewahi kuamka akashika msahafu.

Usiku wa ishirini na tatu hali ikawa ileile, mara tatu. Kila nikiamka, mkoromo ulikuwa umekoma dakika hiyohiyo. Mimi nafundisha fizikia. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimewasisitizia wanafunzi wachunguze kila kitu kilichopo kwenye jaribio kabla ya kutoa jibu. Mwanafunzi angeniletea ushahidi kama ule na jibu kama langu, ningemrudishia daftari lake. Lakini mimi niliandika saa za mikoromo pembeni mwa orodha yangu ya dua, nikawa nimekusanya mashtaka.

Siku ya ishirini na nne, baada ya swala ya alasiri, tulikaa kumsikiliza imamu. Alipomaliza nikaomba nafasi.

"Shekhe, nina jambo," nikaanza, kwa ile sauti ninayoitumia paredi ya asubuhi. "Si la kumsema mtu, Mungu apishe mbali. Lakini kuna ndugu yetu humu anakoroma. Siku zimebaki chache. Je, ni haki mtu mmoja awanyime wenzake usiku ulio bora kuliko miezi elfu?"

Nilipofika kwenye "miezi elfu" nilimtazama muuza nyama.

Imamu alikuwa anachunguza mkeka. Fundi mmoja aliinuka kwenda kutawadha, ingawa nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akitawadha muda si mrefu uliopita. Muuza nyama akakohoa. Ndipo yule mzee akasema,

"Mwalimu, anayekoloma ni wewe."

Alisema bila ubaya wowote, kama anavyokuambia mtu kwamba kamba ya kiatu chako imefunguka.

"Mimi?"

"Wewe. Tangu siku ya kwanza."

Nikamgeukia imamu, nikitegemea atanitetea. Akasema kwa upole, "Mwalimu, tulikubaliana tusikuambie."

"Mlikubaliana lini? Mbona mimi sikuwapo?"

"Ulikuwapo," akasema. "Ulikuwa umelala."

Muuza nyama naye akafungua kinywa. "Mimi mwalimu nakushukuru. Nilikuja hapa nimechoka na kazi, nikajua nitalala tu siku zote kumi. Lakini wewe ukishaanza, nani atalala? Naona bora nisome. Saa hii niko juzuu ya kumi na nane, na tangu nizaliwe sijawahi kuvuka ya tano. Mungu akulipe."

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa na unyevu machoni. Ningeona nafuu angenitukana.

Nikatoka kwenye baraza nikampigia mke wangu. Kutoka pale juu ziwa lilikuwa linaonekana lote, limetulia, linang'aa kana kwamba hakuna aliyeaibika.

"Hivi mimi nakoroma?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Nilikuambia mwaka wa kwanza wa ndoa," akasema. "Ukasema ni majirani."

Kuanzia hapo nikaapa sitalala usiku. Ule wa ishirini na tano niliuvuka kwa kutembeatembea uani. Wa ishirini na saba watu walijaa mpaka nje, maana mtaa mzima huusubiri huo kuliko mingine. Nikanywa kahawa vikombe vitatu, nikasimama safu ya kwanza. Katika sijida moja ndefu usingizi ukanichukua palepale, paji la uso chini. Baadaye niliambiwa kwamba walioniona siinuki waliguswa sana, wakadhani ninamlilia Mola kwa unyenyekevu. Heshima hiyo ilidumu hadi nilipokoroma.

Usiku wa ishirini na tisa nilijipanga kwa akili. Mchana nilikwenda kulala kwenye kijistoo cha mikeka, mlango nimeufunga, nisimsumbue mtu. Usiku nikaswali rakaa baada ya rakaa, nikivuta kisomo kwa sauti nzuri, ile ninayoiamini. Mnamo saa nane nikatoa salamu, nikageuka nyuma kuona wangapi wananisikiliza.

Wote walikuwa wamelala. Imamu alikuwa ameegemeza shavu kwenye mkono. Muuza nyama alikuwa chali, msahafu ameuweka kwenye kibao chake. Yule mzee alikuwa amejikunja, kanzu ameivutia miguuni kwa sababu ya baridi. Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Mimi nilikuwa macho, kwa hiyo hapakuwa na wa kuwaamsha.

Nikarudi kwenye mswala. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, tangu kumi hilo lianze, kusimama bila mtu wa kuniona, na nikagundua sijui nifanye nini. Kisomo changu kirefu kikawa kifupi. Nikafungua daftari la dua. Namba moja ilikuwa ukuu wa shule. Namba mbili, wapinzani wangu wa huo ukuu. Nilishuka na orodha ile polepole. Wazazi wangu, ambao wote wawili nimewazika, walikuwa namba saba, chini ya ombi la gari.

Nikalifunga daftari. Nikawaombea wao kwanza, bila kusoma popote, na sikuwa na sauti nzuri tena.

Nakiri kwamba baadaye wazo lilinijia: waache walale, usiku huu uwe wako peke yako. Niliswali rakaa mbili nzima nikiwa na wazo hilo, na sina hakika kama zimeandikwa popote. Kisha nikaenda kumshika muuza nyama kidole gumba cha mguu.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Nane na nusu."

Akakurupuka kama mtu aliyeachwa na basi. "Mbona hukukoroma?"

Imamu aliamka akiomba radhi, sijui kwa nani. Mafundi wakaelekea bombani bila neno. Mzee ndiye alikuwa mgumu kuamka; ilibidi nipige magoti nimtikise bega.

"Shikamoo mzee. Amka, usiku unaisha."

"Malahaba," akajibu, macho bado ameyafumba. Aliporudi kutoka kutawadha akaja kusimama kando yangu. "Mwalimu, siku zote hizi mimi nimekuwa nalejea Kulhuwallahu tu. Nifundishe nyingine, polepole, nami nifuate."

Tukaketi pembeni. Nikachagua sura fupi, nikaisoma kipande kwa kipande, naye akanifuata, akikwama, akirudia, bila aibu yoyote. Herufi nyingine zilimshinda, nami sikumsahihisha kila mara. Tulikuwa bado hatujaimaliza wakati wa daku ulipofika na fundi mmoja akaleta sufuria ya viazi vitamu na dagaa.

Kama ule ndio ulikuwa usiku wenyewe, sijui. Mzee alichukua kiazi, akakigawa katikati, nusu kubwa akanipa mimi. Tukala haraka, maana adhana ilikuwa karibu, naye katikati ya kutafuna alikuwa bado anaipitia ile aya ya pili, midomo ikienda.