Jina Lililoandikwa Kimakosa

Wajerumani walitaka kitambulisho cha baba yangu. Nilikuwa nataka kufunga ndoa kule ninakofanya kazi, na ofisi ya ndoa ya mji wangu haikuridhika na cheti cha kuzaliwa peke yake. Nikawatumia nakala ya kitambulisho cha Bibi. Wakajibu kwa adabu yao ile ya baridi kwamba mahali pa baba pameandikwa mtu ambaye jinsi yake ni KE. Cheti kina kosa, au ni cha kughushi. Nikirekebishe kwa viapo mbele ya wakili, vigongwe muhuri na wizara ya mambo ya nje, kisha na ubalozi wao, la sivyo hakuna ndoa.

Kosa hakuna. Bibi hakujaliwa mtoto. Mume wake alipofariki, alitoa ng'ombe akaoa mwanamke, kama wanavyofanya wanawake wa kwetu Mara, tunaita nyumba ntobhu. Mwanamke huyo ndiye aliyenizaa. Mwanamume wa kumpa mimba alipatikana, na kazi yake ikaishia hapo, maana mtoto ni wa nyumba, na nyumba ni ya aliyetoa ng'ombe. Karani aliyeandika cheti alikuwa mtu wa huku huku, akamwandika Bibi pale pa baba bila kuuliza mara mbili. Mama alifariki ningali mdogo, Bibi akanilea, na sikuwahi kujiuliza mimi ni wa nani mpaka mtu wa Ulaya aliponiuliza kwa barua pepe.

Nikachukua likizo, nikatua Musoma na hasira zangu zote. Wakili niliyemwona, ofisi yake iko Kitaji, alisoma ile barua akacheka mpaka akavua miwani. Kitanda hakizai haramu, alisema, hata kiwe cha mwanamke. Nikadhani nimepata mtu. Kumbe alikuwa anajifurahisha tu. Alipomaliza kucheka akasema kule hawataelewa hata tukiwaandikia gazeti zima, kwa hiyo yule mwanamume aliyempa Mama mimba aape kwamba yeye ndiye baba, na Bibi aape kwamba jina lake liliingia kimakosa. Nikamwambia aandike mambo yalivyo. Akaniuliza nataka ukweli au nataka mke.

Mwanamume huyo anauza spea za pikipiki Bunda. Nilimjua kwa sura tangu utotoni, naye alinijua, na tukikutana sokoni kila mtu alishika njia yake. Siku ile nilimchukia kuliko siku zote, kwa sababu alifurahi. Alikuja Musoma amevaa suti, akaniita mwanangu mbele ya watu, akaapa na kusaini bila hata kusoma. Miaka yote hakuninunulia hata peni, leo ni baba mwenye muhuri. Ningetaka kutenda haki ningesema ni mila iliyomkataza, lakini sikutaka kutenda haki. Aliomba tupige picha ya pamoja. Nikamwambia simu yangu imeisha chaji.

Bibi nilimfuata mwenyewe Butiama kwa gari la kukodi. Nilimwambia ni karatasi za ndoa, basi. Alikuwa amevaa kitenge cha kwenda misa, na mpaka tunapita Kiabakari alikuwa bado ananiuliza kama huyo mchumba wangu ataweza kula ugali wa muhogo.

Wakili alimsomea kiapo polepole, kwa sababu Bibi hajui kusoma. Alipofika kwenye lile neno, kimakosa, Bibi akainua mkono.

“Makosa ya nani?”

Wakili akasema ni lugha ya kisheria tu, haina ubaya wowote.

“Ng'ombe nilitoa mimi, na wazee waliziona. Huyu nilimpeleka mimi kubatizwa. Sasa hapo kosa lilikuwaga wapi?”

Wakili akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Bibi akanigeukia mimi, msomi wake. Nikamjibu, kwa ukali ambao ulipaswa kwenda Ujerumani, kwamba ni karatasi tu, haibadilishi kitu. Kama haibadilishi kitu, nilipanda ndege mbili kuifuata ya nini? Hilo hakuniuliza. Alichovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika pale alipoonyeshwa, akakifuta kwenye kitenge chake.

Karatasi zilipita kote, wizarani na ubalozini, na wale wa ofisi ya ndoa wakanishukuru kwa ushirikiano. Leo nina mke, na nina cheti ambacho hakimsumbui mtu yeyote.

Lakini jioni ile ile ya kiapo nilimrudisha Bibi kwake. Mama mmoja aliyehamia jirani siku si nyingi alikuwa anaanua muhogo kando ya njia. Akatusalimia, akamuuliza Bibi mgeni huyu ni nani. Nilimngoja aseme kama asemavyo siku zote, kwamba huyu ni wake, yuko Ulaya, na amwambie yule mama aje kesho kuniona vizuri. Bibi alishuka garini taratibu, akauweka mkoba wake begani.

“Huyu ni mtoto wa mtu wa Bunda,” alisema. “Amenisaidia usafiri.”